Uji Hauliwi

Wiki ile niliyoambiwa nina sukari, watu watatu walinipongeza kwa kunenepa. Wa kwanza alikuwa mama anayeuza mboga kando ya njia ya kushukia Kathiani. Wa pili alikuwa katekista wetu. Wa tatu alikuwa mama mkwe wangu, ambaye alinizunguka uani kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, halafu akasema kwa Kikamba kwamba safari hii mtoto atajua amekuja nyumba yenye chakula. Nilicheka na wote watatu. Mkobani nilikuwa na karatasi ya kliniki ambayo sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote.

Naitwa Mueni. Nashona sare za shule nyumbani kwetu, kwenye mteremko wa vilima vya Iveti, na ninaandika haya kwa ajili ya mwanamke aliyeketi mahali fulani na karatasi kama ile. Mambo ya kongosho na damu muulize daktari wako, mimi siyajui vizuri hata sasa. Nitakueleza tu jinsi siku zilivyokwenda, na kosa nililolifanya kila asubuhi kwa wiki saba huku nikijiona ndiye mgonjwa mtiifu kuliko wote kwenye foleni.

Lazima nianze na mtoto wa kwanza, ingawa nyumbani hatumtaji. Alikuwa mvulana. Alizaliwa miaka mitatu kabla ya haya, miezi ikiwa imetimia, na alizaliwa bila uhai. Kilo nne na nusu na kidogo. Mkunga alipomweka kwenye mizani alinyamaza, na kimya kile nakikumbuka kuliko pole zote nilizopewa baadaye. Watu walikuja wakasema, "Na vile alikuwa mkubwa!" Walikuwa wanamsifu. Hakuna aliyejua, hata mimi, kwamba ukubwa ule ulikuwa na maana yake. Kioko, mume wangu, alimchimbia mahali nyuma ya ghala la mahindi, na siku ya nne akarudi kazini. Huku kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, hata jina lake la ubatizo likasahaulika. Mimi nilibaki Mueni.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, nilikuwa na ombi moja tu: huyu atoke akilia. Sikuombea mvulana wala msichana, sikuombea uzuri. Kilio tu.

Nilianza kliniki mapema, kwenye hospitali mjini Machakos. Nesi aliyenipokea tutamwita Sista Wanza. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Alipofika kwenye sehemu ya mtoto wa kwanza aliuliza kilo zake, nikamwambia, akaacha kuandika. Mvua za vuli zilipoanza, mimba ikiwa ya miezi sita, aliniambia nipimwe sukari.

"Kesho kutwa kuja bila kukula," alisema. "Kutoka usiku usikule kitu chochote mpaka tukupime. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sista."

Kesho kutwa nikaamka alfajiri. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mwaitu kama wanavyomwita watoto wake, alivuka ua na kikombe cha uji kama kila siku. Nikanywa, nikavaa sweta, nikashuka barabarani. Mpimaji aliniuliza kama nimekula, nikasema hapana. Nilisema kweli, na tumbo lilikuwa linanguruma. Akanitoa damu, akanipa maji matamu mazito ya kunywa, nikakaa kwenye benchi saa mbili, akanitoa tena. Majibu yote yalikuwa juu.

Sista Wanza alinieleza polepole. Alisema sukari ya mimba huwapata wengi, mara nyingi huondoka mtoto akishazaliwa, na ikitunzwa mtoto huzaliwa salama. "Ikitunzwa," alirudia. Mimi nilisikia neno moja tu, sukari, kwa sababu nyumbani kwetu neno hilo lina sura. Ni sura ya baba mkwe wangu, aliyekatwa mguu chini ya goti na kufa miezi mitano baadaye. Mwaitu alimuuguza miaka minne.

Nilimpigia Kioko simu nikiwa bado kwenye lango la hospitali. Yeye huchomelea vyuma kule Konza, na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

"Si uache tu kuweka sukari kwa chai?" akasema.

"Nimeambiwa si hiyo peke yake. Ni ugali, ni wali, ni matunda, ni kila kitu."

"Kila kitu? Sasa utakula nini?"

"Sijui. Mboga."

Nilisikia mashine nyuma yake inakata chuma. "Usiambie Mwaitu kwanza," akasema. "Akisikia ni sukari atafikiria wewe pia unaenda."

Nikakubali. Leo naona kuwa hapo ndipo nilipojifungia ndani na kutupa ufunguo.

Wiki mbili za kupunguza chakula hazikutosha, wakaniandikia sindano. Nilijidunga paja kila usiku kabla ya kulala, huku nimeuma kona ya leso. Nilipewa mashine ndogo ya kupimia na kijitabu cha kuandika namba: asubuhi kabla ya kula, na siku nyingine saa mbili baada ya chakula cha mchana. Na kwa kuwa hatuna friji, Sista alinifundisha kuweka dawa ndani ya mtungi uliojazwa mchanga mbichi, mahali penye kivuli. Nilimwomba Mwaitu mtungi mdogo. Nilimwambia ni wa kutunzia dawa ya kuongeza damu, haipendi joto. Aliniangalia kitambo, akaenda akautoa, akaufuta vumbi kwa kanga yake, akanipa. Hakuuliza lolote nami nikashukuru.

Kliniki ya sukari ilikuwa Jumanne, na ilikuwa ya wazee. Fikiria benchi mbili ndefu, fimbo zimeegemezwa ukutani, kofia magotini, na katikati mimi na tumbo langu. Kila aliyefika alidhani nimemsindikiza mtu. Mzee mmoja mrefu, mwenye koti la kijivu hata jua liwake vipi, aliniuliza, "Umeleta nani, mwanangu?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Pole," akasema. Akafikiri kidogo. "Toboa upande wa kidole. Katikati kunauma sana, na wewe naona ni mtu wa kushona."

Aliona alama za sindano kwenye vidole vyangu. Kuanzia Jumanne ile aliniwekea nafasi kwa kofia yake, na mtu akitaka kuketi alisema pana mtu. Sikuwahi kumuuliza jina, na kofia ile bado naiombea.

Mwili wangu ulikuwa wa mtu mwingine. Nilikuwa na kiu ambayo maji hayakuigusa. Shingo iliingia weusi kama uchafu usiotoka, nami niliisugua hadi ikawasha. Mapaja yalikuwa na madoa ya bluu. Vidole viliuma kwenye kitambaa, na siku moja niliacha tone la damu kwenye kola ya shati jeupe la mtoto wa watu. Mafundi wanajua, damu yako mwenyewe huitoa kwa mate yako mwenyewe. Nilitema, nikasugua, nikaketi pale na kola mdomoni nikilia. Haikuwa kwa sababu ya shati.

Upweke wa ugonjwa huu ni kwamba hauonekani. Ningevunjika mguu, wangekuja na kuni na maji. Mimi nilionekana nimenona. Kwenye mazishi na harambee nilikataa soda, nikakataa chapati, nikakataa wali, na nikasikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba mke wa Kioko ameanza maringo. Nilimaliza msimu mzima wa maembe nikiyasikia tu yakianguka. Kioko alipokuja Krismasi alikula embe nyuma ya nyumba ili asinitamanishe, kisha akaja kulala kando yangu akinukia embe tupu. Nilitaka kucheka, nikageukia ukuta. Siku nne alizokaa hakuuliza kijitabu kinasema nini. Nadhani aliogopa. Mimi pia niliogopa, lakini mimi sikuwa na Konza ya kurudi.

Na kijitabu kilisema mabaya. Namba za asubuhi, zilizotakiwa zisizidi tano na kidogo, hazikushuka. Nane, saba na nusu, nane nukta nne. Kila Jumanne Sista Wanza alikunja uso.

"Mueni, unakula usiku?"

"Hapana, Sista."

"Asubuhi unapima kabla ya kukula?"

"Kabla kabisa. Bado sijaona sahani."

"Hunidanganyi?"

"Naapa."

Basi daktari akaongeza dawa ya usiku. Wiki iliyofuata akaongeza tena. Nilianza kuamka nimelowa jasho, moyo unakimbia, na nilidhani ni joto la usiku au ni mtoto. Halafu kila alfajiri mlango uligongwa, Mwaitu akaingia na kikombe, nikanywa ule uji wake wa wimbi mzito wa moto, na mwili ukatulia. Ulikuwa uji usio na sukari, hilo nilimwomba tangu mwanzo naye hakubisha. Ndiyo ilikuwa saa yangu nzuri ya siku nzima. Hatukuzungumza mengi. Alikaa kwenye kigoda akinitazama hadi nimalize, akapokea kikombe, akaenda. Nami nikavuta mashine, nikapima kabla ya kula, nikaandika.

Mwanzoni mwa Januari Mwaitu alienda Kivaa kumzika shemeji yake. Alisema atakaa siku tatu.

Asubuhi ya kwanza hakuna aliyegonga. Niliamka na jasho, mikono inatetemeka hivi kwamba nilimwaga vile vijiti vya kupimia sakafuni nikaokota kimoja kwa magoti. Mashine ikasema mbili nukta sita. Nilidhani imeharibika. Midomo ilikuwa imekufa ganzi. Nilikumbuka Sista alivyosema, ikishuka chini ya nne weka sukari mdomoni hapo hapo, mambo mengine baadaye. Lakini nyumbani kwangu hakukuwa na sukari hata punje. Niliipeleka yote jikoni kwa Mwaitu mwezi wa kumi na moja, nisije nikajaribiwa.

Ua wetu si mkubwa. Siku ile ulikuwa mrefu. Nilishika kamba ya nguo, nikashika ukuta wa ghala, nikapita mahali pale nyuma yake ambapo huwa sipatazami. Ufunguo wa jiko hukaa chini ya jiwe. Nilifungua, nikapata mkebe, nikala sukari kwa kiganja kama mtoto mwizi. Kisha nikaketi kwenye kigoda cha Mwaitu, mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka, nikingoja mtoto acheze. Nilimpigia Kioko, simu imezimwa. Sikuwa na mwingine wa kupigia ambaye angejua ninasema nini. Niliogopa kufa, nalisema wazi, na zaidi niliogopa kwamba huyu pia ameniacha kimya kimya kama yule. Nilihesabu mabati ya paa. Nilipofika la kumi na moja, alipiga teke chini ya mbavu. Sijawahi kupigwa nikafurahi hivyo.

Usiku ule niliogopa kujidunga. Kesho yake, Jumanne, Sista Wanza aliona ile namba akaweka kalamu chini.

"Siku hii nini ilikuwa tofauti?"

"Hakuna. Mama mkwe hakuwepo."

"Mama mkwe huwa anakufanyia nini?"

"Hunipa uji tu."

"Uji gani? Saa ngapi?"

"Ule wa asubuhi. Kabla sijapima."

Alinitazama. "Mueni, nilikuambia upime kabla ya kukula."

"Na sijala, Sista. Uji hauliwi. Uji nakunywa."

Sikuwa na ujanja wowote. Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu kula ni sahani: ni muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ni ugali, ni kitu cha kutafuna. Kinachopita kwenye kikombe ni cha kulainisha koo. Mwanamke atakuambia hajala tangu asubuhi na ana vikombe vitatu vya chai ya maziwa tumboni, na hajasema uongo. Nilimwona Sista Wanza, ambaye ni Mkamba kama mimi, akiyafikiria hayo, na uso wake ukabadilika. Akainuka, akafungua mlango wa chumba.

"Nyinyi hapo," akawaita wazee kwenye benchi. "Nani amekula leo?"

Hakuna aliyejibu. Wote walikuwa waaminifu.

"Na nani amekunywa kitu?"

Fimbo moja ikainuka, ya yule mzee wa koti. "Mimi chai tu, Sista. Ya maziwa." Mkono mwingine ukafuata, na mwingine, hadi benchi nzima ikawa juu kama watoto wa darasa la kwanza. Mama mmoja wa mwisho alisema yeye alikunywa uji lakini mwepesi.

Sista Wanza aliegemea mlango akacheka hadi akafuta machozi, kisha akarudi ndani akakoma kucheka. Aliniambia sukari ninayo kweli, maana hata zile za mchana zilikuwa juu. Lakini dawa ya usiku tulikuwa tunaiongeza kwa sababu ya uji, na uji wenyewe ndio uliokuwa unaniokoa kila asubuhi na dawa ile. Siku mbili tatu zaidi bila kikombe, na tungekuwa tunaongea mengine. Akaniita nimfuate kwa daktari, naye akaipunguza. "Kutoka leo," akasema, "ni maji peke yake mpaka upime. Na huyo mama mwambie."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mwaitu alirudi kutoka Kivaa, na alfajiri akagonga. Nilimwacha aketi. Kikombe kilikuwa kinafuka moshi.

"Mwaitu, nina sukari," nikasema. "Ya mimba. Kioko alisema nisikuambie."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mtungi wa mchanga mbichi niliutunza miaka minne. Ulifikiri nimesahau ni wa nini?" Alisema hayo bila hasira. "Niliona hutaki kusema. Kwa hivyo nikakuletea ule wa wimbi tu, bila kitu ndani. Ndio alikuwa anakunywa yeye."

Tulikuwa tumeishi miezi miwili, hatua thelathini kati yetu, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile. Nikamweleza yote: kabla ya kula, namba, dawa kuongezwa, asubuhi ya mkebe. Nilijaribu kuyasema polepole, lakini hayana namna ya polepole. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo uji wangu," akasema.

"Si uji wako, Mwaitu. Ni kwamba sikujua unahesabiwa."

"Na yeye nilimpa kila asubuhi." Alimaanisha mume wake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Na ule nilikupa mimba ya kwanza?"

Ningesema hapana. Mtu mwingine angesema hapana. Nilikuwa nimechoka na kuficha, nikasema kweli niliyokuwa nayo.

"Sijui."

Alisimama, akatoka na kikombe kikiwa kimejaa. Kuanzia siku ile hakugonga tena. Alinisalimia, alinifulia, alinichotea maji, lakini alfajiri nilisikia mlango wake ukifunguka, nikasikia hatua zikienda zizini, na hazikuja kwangu. Namba zangu zilikuwa nzuri mwezi ule: nne nukta tisa, tano, tano nukta moja. Sista Wanza alizichorea nyota kwenye kijitabu. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha hizo nyota. Nilikaa na mashine yangu asubuhi na glasi ya maji, na nilimkumbuka Mwaitu akiwa ng'ambo ya ua.

Jumanne moja nilimuuliza Sista Wanza lile swali. Nilimwambia mama mkwe anadhani aliua mjukuu wake kwa kikombe. Aliweka mkono juu ya kijitabu changu.

"Uji haukuua mtu," akasema. "Mimba ya kwanza hakuna mtu alikupima. Ungepimwa, ungepunguza kikombe, ama ungepewa dawa, na ungekunywa uji wako nusu na maisha yaendelee. Kama ni sukari, hata hilo hatuwezi jua sasa. Lakini huo mzigo ni wetu sisi wenye mashine. Usimwachie mama wa watu."

Nilikusudia kumwambia jioni ile. Sikuweza. Wala kesho yake. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ulimi, na hili nakuambia ili wewe usingoje kama nilivyongoja mimi.

Februari, mimba ikiwa na wiki thelathini na nane, walinilaza wakanianzishia uchungu. Ulikuwa ukame, na dirisha la wodi lilionyesha kilima chote kikiwa rangi ya gunia. Wanawake wengine walikuja wakazaa wakaenda. Mimi nilitobolewa kidole kila saa, nikitazama vidole vya miguu yangu vilivyovimba. Mchana wa siku ya pili mtoto alitoka, na kabla hajawekwa popote akalia. Alilia kwa hasira. Mkunga alisema, "Huyu ana maneno," nami nilikuwa nalia kumshinda.

Msichana. Kilo tatu na gramu mia moja. Walimtoboa kisigino wakapima sukari yake, ikawa chini kidogo, nikaambiwa nimnyonyeshe mara moja. Baada ya kupima mara ya tatu walisema yuko sawa.

Kesho yake saa ya kuwaona wagonjwa, Kioko akiwa bado njiani kutoka Konza, Mwaitu aliingia wodini. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani na amebeba chupa ya chai ya bluu. Huku kwetu mama aliyejifungua huletewa uji, kila kitanda wodini kilikuwa na uji. Alimimina kwenye kifuniko, nikaona mvuke, na ndani kulikuwa kweupe.

"Ni maji ya moto," akasema. "Sikujua nilete nini."

Nilishika mkono wake na kifuniko pamoja. Nikamwambia maneno yote ya Sista Wanza, moja baada ya jingine, na la wenye mashine nikalisema mara mbili. Nikamwomba msamaha kwa lile neno moja nililompa na wiki zote nilizomwacha nalo. Alikunywa yale maji yeye mwenyewe, yote, kisha akanyoosha mikono apewe mtoto. Msichana wa kwanza kwetu huchukua jina la mama ya baba, kwa hiyo yule mtoto alikuwa tayari Syombua, jina la waliozaliwa mvua ikinyesha, ingawa nje hakukuwa na hata wingu. Syombua mkubwa alimpima Syombua mdogo kwa mikono, juu, chini, juu.

"Ni mdogo," akasema. Nilingoja. "Ni mdogo vizuri."

Sindano niliacha siku ile ile. Waliniambia nirudi baada ya wiki sita nipimwe tena, kwa sababu sukari ya mimba huweza kukataa kuondoka, au kuondoka ikarudi baadaye. Wewe pia rudi, tafadhali, hata ukijisikia mzima. Nakuambia mapema kwamba majibu yangu yalikuwa mazuri, na kwamba napima kila mwaka, na hata leo vidole vyangu huogopa kidogo. Lakini asubuhi ile ya wiki ya sita bado sikuyajua majibu.

Mvua ilikuwa imeanza. Niliamka gizani nikijua nitaenda peke yangu kama Jumanne zote. Nilipofungua mlango Mwaitu alikuwa amesimama nje na mwavuli, mikono haina kikombe. Alimchukua Syombua, akamfunga mgongoni, akatangulia njiani bila kunieleza. Barabarani nilisikia tumbo lake likinguruma, maana huyo ni mtu ambaye tangu aolewe hajaona jua likichomoza bila kikombe cha uji mkononi. Nikadhani amechelewa tu kupika.

Kwenye dirisha la maabara mpimaji aliuliza bila kuinua kichwa, "Umekula?"

Sikupata nafasi ya kufungua mdomo.

"Hatujakula," Mwaitu akasema, kwa sauti ya kusikika hadi benchi ya mwisho. "Na hatujakunywa."

Mpimaji akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja. "Kwani mama, wewe pia unapimwa?"

"Hapana," akasema, akimrekebisha Syombua mgongoni. "Mimi nimemsindikiza."